Uchungu wa Mimba ya Kwanza: Nitaujuaje, Utachukua Muda Gani, na Dawa ya Mama Mkwe Niinywe?

Swali: *Shikamoo mama mkunga. Nina miaka 22 na hii ni mimba yangu ya kwanza, wiki ya 35. Naishi kijijini wilayani Kilosa. Kutoka kwetu hadi kituo cha afya chenye upasuaji ni saa moja na nusu kwa bodaboda, mvua ikinyesha ni zaidi. Kila mtu ananisimulia uchungu kivyake mpaka nimechanganyikiwa. Nitajuaje umeanza kweli? Unachukua muda gani? Ni lazima niongezewe njia? Halafu mama mkwe, ambaye ananipenda sana, ameniwekea dawa ya mizizi ninywe uchungu ukianza ili nisikae sana leba. Nisipoinywa nitaonekana namdharau, nikiinywa naogopa. Naomba unieleze ukweli.*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Naanza na dawa, ingawa umeiweka mwisho, kwa kuwa mengine yote tunaweza kuyazungumza polepole lakini hili haliwezi kusubiri. Usiinywe. Usiinywe uchungu ukianza, usiinywe ukiona unachelewa, usiinywe hata kidogo kwa ajili ya kumridhisha mtu.

Mji wa mimba ni msuli. Unapobana, mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma nayo hubanwa, na kwa muda huo mtoto hupata hewa pungufu. Unapoachia, damu inarudi na mtoto anapumua, tuseme hivyo. Kwa hiyo yale mapumziko kati ya uchungu mmoja na mwingine ni ya mtoto kuliko yanavyokuwa yako. Dawa nyingi za mizizi zinazosifiwa kuongeza uchungu huufanya mji ubane kwa nguvu na mfululizo, bila kuachia vya kutosha. Mtoto anachoka, mapigo ya moyo wake yanashuka, na wapo wanaozaliwa bila kulia. Kama njia bado haijafunguka, au mtoto amekaa vibaya, msuli unaendelea kusukuma mahali pasipopitika mpaka mji wenyewe unaweza kuchanika. Damu inamwagikia ndani ya tumbo, na kutoka kwenu hadi chumba cha upasuaji ni hiyo saa moja na nusu.

Mama mkwe atakuuliza: mbona hospitali nao wanaweka dripu ya uchungu? Ni swali la haki. Dripu ile ina oksitosini, ambayo mwili wako wenyewe huitengeneza. Tunaanza na matone machache, tunayahesabu, tunasikiliza moyo wa mtoto, tunaongeza taratibu, na uchungu ukizidi tunafunga, nguvu yake inapungua baada ya dakika chache. Mizizi iliyochemshwa kwenye sufuria haina kipimo na ikishamezwa hakuna pa kuifunga. Hatari zaidi ni kuinywa nyumbani, kunyamaza, kisha kuwekewa dripu juu yake. Ikitokea umekunywa chochote, mwambie muuguzi mlangoni kabla hajakuuliza. Hata akikasirika, taarifa hiyo inaweza kuokoa watu wawili. Na ninayoyasema kuhusu mizizi yanahusu pia vile vidonge ambavyo watu hununuliana duka la dawa na kuviweka ukeni. Dawa hiyo tunayo hospitali, lakini dozi yake ya kuanzisha uchungu ni ndogo sana na inahitaji mtu wa kuiangalia.

Chai ya tangawizi ya kawaida, uji, tende, supu, hivyo kula. Leba ni kazi na mwili unahitaji nguvu.

Sasa heshima ya mama mkwe. Yeye anachotaka ni usikae sana kwenye uchungu, na hilo anaweza kukupa bila sufuria. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba mwanamke anayekuwa na mtu wa kumtia moyo muda wote wa leba huelekea kumaliza uchungu mapema kidogo na kufanyiwa upasuaji mara chache kuliko aliyeachwa peke yake. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe. Mwombe mama mkwe awe huyo. Mwambie: "Mama, mkunga amekataza dawa, lakini amesema nikikushika mkono nitazaa vizuri." Akusugue kiuno, akushike unapotembea, akupe maji, akukumbushe kwenda haja ndogo. Ulizia mapema kliniki kama chumba chao kinaruhusu msindikizaji kuingia, maana vituo vingine vina kitanda kimoja kimoja chenye pazia na vingine havina hata pazia. Ukitamani zaidi awe mume wako au mama yako mzazi, ni haki yako, na mama mkwe bado ana kazi nyingi za kufanya nje ya mlango ule.

Tuje kwenye dalili. Wiki hizi za mwisho tumbo litakuwa linakaza na kuachia. Linakuwa gumu, linauma kidogo kama hedhi, halafu linalala. Huo watu huuita uchungu wa uongo, nami sipendi wasichana wakiambiwa wanadanganya kwa sababu yake, maana maumivu yapo. Tofauti yake ni kwamba hauna mpangilio. Ukitembea, ukioga maji ya uvuguvugu, ukinywa maji mengi au ukilala ubavu wa kushoto, unapungua. Uchungu wenyewe haubembelezeki. Mara nyingi unaanzia kiunoni ukizungukia mbele chini ya kitovu, unakuja kila baada ya muda, na kila saa inavyopita unakaribiana, unadumu zaidi na unakolea. Chukua simu uhesabu: kuanzia mwanzo wa mbano mmoja hadi mwanzo wa unaofuata.

Unaweza pia kuona ute mzito wenye michirizi ya damu. Hiyo ni dalili kwamba mlango wa kizazi unaanza kulegea, lakini uchungu unaweza kuja siku hiyo au baada ya siku kadhaa. Chupa, yaani mfuko wa maji unaomzunguka mtoto, nayo inaweza kupasuka kabla ya uchungu wowote. Hutokea kwa takriban mwanamke mmoja kati ya 10. Maji yanaweza kutoka kwa kishindo au kuchuruzika tu kama mkojo usiozuilika. Hapo usisubiri uchungu. Vaa pedi safi au kitambaa safi, angalia rangi, usiingize kitu chochote ukeni, anza safari. Maji ya kawaida ni meupe au yana wekundu kwa mbali. Yakiwa ya kijani au kahawia, mtoto amejisaidia tumboni na inabidi aangaliwe haraka.

Kuhusu muda, hapa ndipo wanawake wengi hufadhaika, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba mwanzo wa uchungu ni mrefu na hauna kipimo. Mlango wa kizazi unatakiwa kwanza ulainike na uwe mwembamba, ndipo ufunguke. Kwa mimba ya kwanza kazi hiyo ya awali inaweza kuchukua saa nyingi, usiku mzima, hata zaidi ya siku, na uchungu unakuja na kupotea. Mtu akikupima akakuambia "sentimita mbili", usilie. Mwili umeshafanya kazi kubwa isiyoonekana kwenye namba. Kula, lala kati ya uchungu, tembea. Usisukume.

Kuanzia sentimita 5 ndipo Shirika la Afya Duniani, tangu mwongozo wake wa 2018, linahesabu kwamba leba imeshika kasi, ingawa utawakuta wauguzi wanaohesabu kutoka 4 kama tulivyofundishwa zamani. Kutoka hapo hadi 10, kwa mzazi wa kwanza, kwa kawaida haizidi saa 12. Zipo leba za saa tano na zipo za saa kumi na moja, zote sawa, ili mradi mtoto na mama wako salama na mlango unaendelea kufunguka.

Utasikia wodini kwamba njia lazima ifunguke sentimita moja kila saa. Kipimo hicho kina historia. Mwaka 1955 daktari Emanuel Friedman wa Marekani alichora mwendo wa leba za wanawake 500 waliokuwa wazazi wa kwanza. Mwaka 1972 Philpott na Castle, wakifanya kazi katika mji ambao leo ni Harare, wakaweka kwenye karatasi mistari ya tahadhari ili mkunga wa kituo kidogo ajue wakati wa kumpeleka mama hospitali kubwa. Karatasi hiyo, patografu, imeokoa wanawake wengi Afrika na naiheshimu. Lakini mwongozo wa 2018 umesema wazi kwamba sentimita moja kwa saa ni kasi ambayo wanawake wengine wazima kabisa hawaifikii, hasa kabla ya kufika 5, na kwamba kuchelewa kidogo peke yake si sababu ya kuwekewa dripu wala kupasuliwa. Ukiambiwa "unachelewa", una haki ya kuuliza kwa adabu: mtoto anaendeleaje? Mimi naendeleaje? Tunaweza kusubiri?

Mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Leba ikishakolea, msikilizaji anapaswa kuweka fetoskopu au mashine tumboni kwako kila dakika 15 hadi 30, na wakati wa kusukuma kila dakika 5 hivi. Ukiona muda mrefu umepita hakuna aliyemsikiliza mtoto, mwambie msindikizaji akamwite muuguzi. Wodi zetu zina wauguzi wachache na mama wengi. Kuita si usumbufu.

Maumivu ni makali, sitakudanganya. Ile sindano ya mgongoni ya kuondoa uchungu vituo vingi havina. Ulichonacho ni mwili wako na mtu wa pembeni. Usilale chali muda wote, maana mtoto analalia mshipa mkubwa wa damu na wewe unapata kizunguzungu. Simama, tembea, egemea ukuta, piga magoti ukiinamia kitanda. Uchungu ukija, pumua pole kwa kutoa pumzi ndefu mdomoni. Kuguna na kulia kunaruhusiwa. Karibu na mwisho, sentimita 8 au 9, unaweza kutetemeka, kutapika, kuona joto na baridi pamoja, na kusema huwezi tena. Wanawake wengi sana husema hivyo wakiwa wamebakiza kidogo.

Ikifika 10 utasikia kama haja kubwa isiyozuilika. Subiri msukumo huo uje wenyewe kisha uufuate. Kwa mzazi wa kwanza kusukuma kunaweza kuchukua dakika chache au hadi saa tatu. Huenda ukajisaidia kitandani. Hutokea kwa wengi na muuguzi anafuta tu, usibane kwa aibu maana misuli unayoibana ndiyo inayompitisha mtoto. Kichwa kikianza kuonekana, mkunga atakuambia uache kusukuma na uheme kwa pumzi fupi fupi. Hapo mtii hata kama mwili wote unakataa, kwa sababu kichwa kikitoka taratibu ngozi inapata nafasi ya kutanuka. Kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu kikishikiliwa pale chini nacho husaidia kuzuia michaniko mikubwa.

Ndiyo maana jibu la swali lako la kuongezewa njia ni hapana, si lazima, na si kweli kwamba kila mzazi wa kwanza anakatwa. Kukatwa kama desturi hakushauriwi. Kunafanyika kukiwa na sababu, kwa mfano moyo wa mtoto umeshuka na anatakiwa kutoka sasa hivi, na unapaswa kuelezwa na kuchomwa sindano ya ganzi kwanza. Kuchanika kidogo kwenyewe ni kwa kawaida na kunapona. Mtu kukukandamiza tumbo kwa viwiko ili mtoto atoke hakushauriwi. Kunyolewa sehemu za siri na kuwekewa maji ya sabuni njia ya haja kubwa kabla ya kuzaa pia si lazima tena.

Zingatia umbali wako kuliko jambo jingine lolote hapa. Mama anayekaa jirani na hospitali ninamwambia asubiri mpaka uchungu uje kila dakika tano kwa saa nzima. Wewe hilo halikuhusu. Ukiona uchungu una mpangilio, hata kama ni kila dakika 15, ondoka. Bora zaidi, ukifika wiki ya 38 uhamie karibu: kwa ndugu, au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua kama kituo chenu kinayo, ile ambayo sehemu nyingi huitwa chigonela. Ongea na mume wako leo kuhusu nauli, nani atabaki na nyumba, dereva yupi wa bodaboda anapokea simu saa nane za usiku, na ndugu wawili watakaoweza kutoa damu. Hifadhi pia namba 115, ya mfumo wa m-mama, simu ni bure. Ni kwa dharura za uzazi, na wanaweza kukutafutia gari hata pale ambapo gari la wagonjwa halipo. Kwenye mkoba weka kadi ya kliniki juu kabisa, khanga safi tatu au nne, pedi, nguo za mtoto na kofia yake, chupa ya maji, na vifaa vya kujifungulia ambavyo kliniki yako itakutajia, maana vituo hutofautiana.

Kuna mambo ambayo hayasubiri mpangilio wa uchungu wala asubuhi. Damu mbichi inayotoka, yenye maumivu au isiyo na maumivu. Kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, kuvimba uso, au maumivu chini ya chembe ya moyo, kwani kifafa cha mimba huanza hivyo. Homa. Mtoto kupunguza kucheza au kuacha. Kitovu cha mtoto kutangulia kutoka baada ya chupa kupasuka. Hapo piga magoti, kifua chini na makalio juu, usikirudishe ndani, mkimbizwe hospitali ukiwa katika mkao unaoondoa uzito wa mtoto juu ya kitovu. Kwa haya harakisheni kwa kila njia. Watu wanaokimbiza uchungu wa kawaida kwa mizizi mara nyingi ndio hao hao wanaosubiri kucha wakati kichwa kinauma na macho hayaoni, na ningetamani haraka yao waihamishie huku.

Mtoto akitoka, kazi haijaisha. Utachomwa sindano ya oksitosini pajani ili mji ubane na kondo la nyuma litoke, kwa kawaida ndani ya nusu saa. Kitovu kisikatwe mbio. Kikisubiriwa dakika moja hadi tatu mtoto anapata damu yake ya ziada. Akiwa analia vizuri, afutwe, awekwe kifuani kwako ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza. Yale maziwa ya njano ya mwanzo ni yake yote, na hahitaji maji ya sukari wala asali. Kuogeshwa kungoje saa 24.

Saa hizo za kwanza ndizo zilizotupotezea mama wengi kwa kutokwa damu. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi Tanzania kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa 2023, uliofanyika katika hospitali za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, kupima damu kwa mfuko wenye alama uliowekwa chini ya mama, na kutoa matibabu yote kwa pamoja mara dalili inapoonekana, kulipunguza matatizo makubwa ya kutokwa damu kwa asilimia 60. Kwa hiyo usikimbilie kurudi nyumbani. Kaa kituoni angalau saa 24 hata kama wodi imejaa na shemeji ana haraka na pikipiki yake. Pedi ikilowa ndani ya nusu saa, ukitoa mabonge, au ukiona giza machoni, ita mtu hapo hapo.

Ukirudi nyumbani, mama mkwe atataka kukukanda kwa maji ya moto, nalo ni tendo la upendo. Akukande mgongo na miguu kwa maji yasiyounguza. Tumbo asilikandamize, na kama umeshonwa, kidonda kioshwe kwa maji safi ya uvuguvugu, kikaushwe, pedi ibadilishwe mara kwa mara, kisiwekwe majani wala majivu. Usaha, harufu mbaya au homa vikitokea, rudi kituoni bila kusubiri siku ya kliniki.

Wiki hii, ukienda kliniki, muulize muuguzi mtoto amelalaje, kundi lako la damu ni lipi, na presha yako imeandikwa ngapi. Akikuambia mtoto ametanguliza matako, niandikie tena kabla ya wiki ya 37.